Kilabu Kisichokuwepo

Wanaotoka nchi ya Unyoofu huapa kwamba ni nchi nzuri, na huapa wakiwa wamesimama wima. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haipakani na nchi yake hata kidogo. Huko kila kitu kilitakiwa kunyooka. Barabara zilinyooka hata zilipokutana na mlima, ndiyo maana nyingi ziliishia hapo. Foleni za hospitali zilinyooka, na mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu aliombwa kwa heshima akajikunjie nje. Mkuu wa nchi aliitwa Mnyooshaji Mkuu, na picha yake ilitundikwa katika kila ofisi kwa kupimwa na timazi.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kijiji cha Lupondelo, na mtendaji wa kijiji hicho aliitwa Gaudensi. Alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na mmoja, mwenye koti moja la heshima na nishani moja ya shaba. Nishani iliandikwa KIJIJI NYOOFU, DARAJA LA PILI. Alipewa kwa sababu kijiji chake hakikuwa na kilabu cha pombe.

Kilabu kilikuwepo. Kilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini kwake, nyumba ndefu ya tofali za kuchoma iliyoezekwa kwa nyasi, yenye mabenchi manne na mapipa matatu ya komoni, pombe ya mahindi na kimea. Watu walikiita Kwa Mama Edelburga. Gaudensi alifika hapo kila siku saa kumi alasiri, akakaa benchi la ukutani, akanywa makopo mawili, na siku za Ijumaa matatu.

Mambo yalianza hivi. Kila mwaka makao makuu yalituma fomu yenye maswali sitini na manne, na swali la kumi na tisa lilikuwa: "Vilabu vya pombe kijijini ni vingapi?" Mtendaji wa kijiji cha jirani, mtu mkweli, aliandika "kimoja". Akaitwa wilayani kwenye Semina ya Kunyooshwa ya wiki sita, na aliporudi alikuwa anatembea bila kukunja magoti, na hakupenda kuulizwa habari. Gaudensi alikwenda kumpa pole. Akamtazama jinsi alivyokaa kitini kama ubao ulioegemezwa ukutani, akarudi kwake akiwa ameshakata shauri. Kwenye swali la kumi na tisa aliandika sifuri. Na kwa kuwa swali la ishirini liliuliza kiwanja namba saba kinatumikaje, na kiwanja hicho ndicho kilichokaliwa na kilabu, akaandika: "Eneo wazi. Hakuna mtu."

Meza ya ofisi ilikuwa imevunjika mguu, kwa hiyo fomu hiyo aliiandikia Kwa Mama Edelburga. Tone la komoni lilidondokea kwenye ile sifuri, akaipuliza mpaka ikakauka.

Mwaka wa pili alinakili majibu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu ikaja nishani. Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi nyuma, maana kilabu kikichomoza ghafla katika kijiji chenye nishani, lazima mtu aulizwe kimetoka wapi. Miaka saba ikapita hivyo. Siku nyingine aibu ilimgusa, hasa Mama Edelburga alipomwekea kopo mbele yake bila kuombwa na kusema, "Karibu, Mtendaji." Lakini ilikuwa aibu changa, na kopo la pili liliizamisha.

*

Mwaka wa nane ikaja barua. Serikali ilikuwa na furaha kuwajulisha wananchi wa Lupondelo kwamba eneo wazi lililoko kijijini kwao, lisilo na mtu, limepata mwekezaji. Patajengwa Kituo cha Viongozi Kujinyoosha, chenye vitanda virefu kuliko kawaida. Wananchi walipewa siku thelathini za kushangilia.

Watu wakakusanyika kuijadili barua hiyo, na wakakusanyikia kilabuni, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Ofisi ya kijiji ilijaa kwa watu wanne tu. Uwanja wa shule ulikuwa wa gwaride. Ni kilabuni watu wa Lupondelo walipogawana kazi za misiba, nani achimbe kaburi na nani akakate kuni. Ni hapo ndugu waliogombania mpaka wa shamba walipokalishwa benchi moja mpaka wakaombana radhi. Wasiokunywa walikuja pia, wakapewa togwa. Katika Lupondelo nzima lilikuwa ndilo paa pekee ambalo mtu aliweza kusema chini yake bila kwanza kunyoosha mkono.

"Makao makuu wamekosea," alisema mama mmoja. "Wameandika hakuna mtu. Labda ni kijiji kingine."

Gaudensi aliangalia viatu vyake.

Bosko seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni, akaitoa misumari. "Nimesikia redioni kuna sheria," alisema. "Sheria ya Kijiji Kukumbatia Chake. Mahali pa kukutania pakitaka kuuzwa, kijiji kinaweza kupachukua pawe pake. Ila tuthibitishe mambo matatu. Pawepo. Watu wakutane hapo. Na wakinyang'anywa, wasikitike."

"Na mwenye mahali?" mtu akauliza.

"Mwenye mahali anaacha. Panakuwa pa kijiji."

Watu wote wakamgeukia Mama Edelburga, aliyekuwa amesimama kando ya pipa na kata mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, aliyeinama kidogo. Kilabu kilijengwa na mama yake. Tofali za ukuta wa nyuma alizikanyagia udongo mwenyewe akiwa msichana. Akafuta kata kwa khanga, ingawa ilikuwa kavu.

"Mimi nitakufa," alisema mwishowe. "Msiba wangu mtaupangia wapi? Leteni hiyo karatasi nitie sahihi. Kiwe chenu."

Hakuna aliyepiga makofi, maana halikuwa jambo la makofi. Kisha wakachagua mwenyekiti wa kamati. Bosko akataja jina la Gaudensi, na nyumba nzima ikaitikia.

"Hapana," Gaudensi alisema. "Jamani, mimi sifai. Kweli kabisa, sifai."

Wakaona huo ni unyenyekevu, au walifanya kana kwamba wameona hivyo, wakamchagua mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Akashuhudia sahihi ya Mama Edelburga akiwa mwenyekiti.

*

Sheria ya Kukumbatia ilikuwa na fomu moja kwa kila mwanakijiji, iitwayo Fomu ya Majonzi. Iliuliza: "Mahali hapo pakiondolewa, majonzi yako yatakuwa (a) madogo, (b) ya wastani, (c) makubwa lakini yenye nidhamu?" Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba kilio kisichozidi dakika tatu kinaruhusiwa, ila kutupa mikono hewani kutahesabiwa kuwa ni fujo.

Gaudensi alikaa siku nne kwenye benchi la ukutani akiwasaidia wasiojua kuandika. Walikuja mmoja mmoja wakimweleza huzuni zao, naye akaziwekea tiki. Mjane wa marehemu Otmari alikaa mbele yake akiwa ameikunja mikono mapajani.

"Mume wangu alipofariki," alisema, "nilikuwa sina nguvu hata ya kuita watu. Niliposhtuka, walikuwa wameshagawana kila kitu hapa. Wa sanda, wa jembe, wa maji ya kuoshea. Sikuulizwa hata swali moja. Sasa hiyo ni wastani au ni kubwa, Mtendaji?"

"Tuseme kubwa, mama."

"Yenye nidhamu?"

"Ndiyo, mama. Yenye nidhamu."

Akaweka tiki. Kisha akaomba radhi, akatoka nje, akasimama nyuma ya ukuta akiutazama bila kuona kitu. Alikuwa na maneno machache tu ya kusema ndani mle. Aliyahesabu: yalikuwa matano. *Mimi ndiye niliyeandika hakuna mtu.* Watu wamekufa kwa maneno machache kuliko hayo. Akarudi ndani akaendelea na tiki.

*

Fomu mia tatu na kumi na mbili zilifungwa kwa kamba ya katani. Gaudensi na Mama Edelburga wakapanda lori la mbao mpaka wilayani, wakaingia ofisi ya Afisa Uwepo.

Nchi nyingine hazina afisa wa namna hii, na ndiyo maana raia wake hubishana ovyo juu ya kipi kipo na kipi hakipo. Unyoofu ilikuwa naye mmoja kila wilaya. Wa wilaya hii aliitwa Tarsisi, mtu msafi, mwenye kalamu tano mfukoni zilizopangwa kwa urefu.

"Karibuni sana," alisema. "Mmekuja kuhusu nini?"

"Kilabu chetu, mheshimiwa," alisema Mama Edelburga. "Tunataka kukikumbatia."

"Vizuri. Mwananchi kukumbatia ni haki yake." Akafungua kabati, akatoa jalada, akalifunua kwa vidole viwili. Uso wake ukaingiwa na masikitiko ya kiofisi. "Lakini mama, hiki kilabu hakipo."

"Kipo. Nimetoka huko asubuhi."

"Mama, mimi sibishani na asubuhi yako. Nasema kwenye jalada hakipo. Nina taarifa saba za miaka saba, zote zimenyooka. Na nikwambie kitu," akageuka kwa furaha, "mwandishi wake ninaye hapa! Bwana Gaudensi! Nimekuwa nikiusifu mwandiko wako kwa wenzako. Tazama hii sifuri, mama. Duara kamili. Wengine wanaandika sifuri kama viazi."

Akaligeuza jalada upande wa Mama Edelburga. Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na alisoma polepole akifuata kwa kidole. Gaudensi alikiona kidole kile, chenye ufa mweusi wa kimea, kikipita juu ya mwandiko wake. Kikafika mwisho wa mstari, kikasimama.

"Hakuna mtu," alisoma Mama Edelburga.

Akakiondoa kidole, akakificha ndani ya khanga.

"Kwa hiyo," Tarsisi aliendelea, "sheria inanitaka nimuulize mwandishi. Bwana Gaudensi, taarifa hizi ni za kweli au ni za uongo?"

Gaudensi akafungua mdomo. Yale maneno matano yalikuwepo, yamejipanga. Kisha akamkumbuka mtendaji wa jirani alivyokaa kitini, na maneno yakarudi yalikotoka.

"Ni..." alisema. "Ni za wakati wake, mheshimiwa."

"Za wakati wake!" Tarsisi alishangilia, akaichukua kalamu ndefu kuliko zote. "Jibu zuri sana. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, sijawahi kupata jibu lililonyooka hivi pande zote mbili." Akaandika. Halafu, kwa kuwa alijiona mtu wa haki, akaahidi kutuma Tume ya Kuhakiki Kutokuwepo.

Walirudi juu ya lori tupu. Gaudensi alingojea atukanwe, na alitamani atukanwe, maana tusi lingekuwa mahali pa kushikia. Mama Edelburga akafungua kitambaa, akatoa muhogo wa kuchemsha, akauvunja vipande viwili. Kikubwa akampa yeye.

"Kula, Mtendaji. Njia ni ndefu."

Aliutafuna mpaka ukawa maji. Walipofika kijijini watu wakawazunguka kuuliza habari. Gaudensi akasubiri mama aseme. Mama Edelburga akashuka taratibu akijishika kiuno, akasema tu, "Watatuma tume," akaenda kuwasha moto wa komoni.

Kwa siku tano zilizofuata Gaudensi hakwenda kilabuni. Siku ya sita alipelekewa kopo nyumbani.

*

Tume ilikuwa ya watu watatu waliovaa kofia zinazofanana. Walifika saa nne asubuhi, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, waliingia Kwa Mama Edelburga kupumzika kabla ya kwenda kutazama kama kilabu kipo. Wakakaribishwa. Wakanywa jagi moja, wakasifu. Wakanywa la pili, wakauliza komoni hii inapikwa kwa mahindi gani. La tatu walilinywa wakiimba. Saa tisa mwenyekiti wao akasimama, akashika ukuta.

"Mama," aliuliza, "hilo eneo wazi liko upande gani?"

"Umelikalia, baba."

Mwenyekiti akaangalia nyuma yake, akaona benchi, akaangalia wenzake. Wote watatu walionekana kuelewa, na kwa muda nyuso zao zilikuwa za watu wa kawaida, wenye haya. Kisha wakavaa kofia.

Taarifa yao ilikuwa na ibara tatu. Ya kwanza: Tume ilifika. Ya pili: Tume haikuona kilabu kwa kadiri ya uwezo wake wa kuona hadi saa tisa. Ya tatu: harufu ya komoni ilikuwepo, lakini harufu si jengo.

*

Siku ya thelathini alikuja Naibu Waziri wa Unyoofu wa Vijiji, Mheshimiwa Daktari Pontiani, pamoja na waandishi wa habari, brasibendi na tingatinga. Utepe mwekundu ulifungwa kwenye vigingi viwili mbele ya mlango wa kilabu. Gaudensi alipangwa mstari wa mbele, amevaa koti na nishani.

Watu wa Lupondelo hawakuja kushangilia. Walikuwa ndani. Wameingia tangu alfajiri, wamekaa kwenye mabenchi yote manne na sakafuni, wazee na akina mama na mjane wa Otmari. Kupitia dirishani Gaudensi alimwona Bosko, na kando yake Mama Edelburga, mikono mapajani, kama mtu anayengojea zamu yake zahanati.

Mkuu wa polisi alikuwa ameomba ruhusa ya kuwatoa. Alijibiwa kwamba jalada linasema hakuna mtu, na askari hawezi kumtoa mtu ambaye hayupo. Kufanya hivyo kungekuwa kutumia nguvu kupita kiasi.

Naibu Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi ambao siwaoni!" alianza, na brasibendi ikapiga kidogo. "Nchi changa hutambaa. Nchi iliyokua husimama. Nchi yetu haikai! Kuna wanaouliza, je, watu wakutane wapi? Nami nawajibu: mtu aliyenyooka anakutana na nani, ikiwa wote tunaelekea upande mmoja? Mkutano ni ajali ya wanaotembea kwa kupinda!"

Waandishi wakaandika. Tarsisi, aliyekuwa nyuma yake, alipiga makofi matano yenye vipimo sawa.

"Na sasa, kwa mujibu wa itifaki, kabla mtambo haujafanya kazi, Mtendaji wa kijiji atatamka mara tatu maneno ya taarifa yake. Bwana Gaudensi, karibu. Kwa sauti."

Dereva wa tingatinga akawasha injini. Ardhi ikatetemeka chini ya viatu vya Gaudensi. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni pake.

Maneno manne tu. Alikwisha kuyaandika mara saba. Akatazama dirishani. Hakuna aliyemtishia kwa macho, hakuna aliyemsihi. Walikuwa wanamtazama tu, wote, kama mtu anavyomtazama ndugu aliyesimama kwenye daraja bovu asijue kama atavuka. Na aibu aliyoizamisha kwa makopo miaka saba ikapanda yote kwa pamoja, kutoka magotini, ikamjaa kifua na masikio. Ilikuwa moto hasa.

"Wamo," alisema.

"Maneno ya taarifa, ndugu," alinong'ona Tarsisi.

"Wamo! Watu wamo ndani!" Sauti ilimpasuka, na kipaza sauti kikaipeleka mpaka bondeni. "Kuna kilabu. Kimekuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyeandika hakuna mtu, miaka saba, na niliandika nimekaa humo humo, nakunywa pombe yao. Niliogopa. Zima hilo dude, ndugu yangu, wamo watu!"

Dereva, ambaye hakuwa na cheo chochote cha kupoteza, akazima.

Naibu Waziri alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. Nyuma yake kulikuwa na waandishi wa habari. Na kichwani mwake, bila shaka, kulikuwa na vijiji vyote vya nchi, kila kimoja na sifuri yake. Sifuri moja ikipasuka, nani angejua zilizobaki zimejazwa nini.

"Tulieni," alisema. "Jambo hili ni jepesi. Mtendaji wa Unyoofu hawezi kusema uongo. Huyu anasema alisema uongo. Kwa hiyo huyu si mtendaji, na hajawahi kuwa. Kama hajawahi kuwa, hajaandika taarifa. Kama hakuna taarifa, hakuna eneo wazi. Hakuna kilichouzwa." Akavuta pumzi, maana sasa alikuwa anaanza kulipenda. "Kuhusu kilabu: ninakiona. Kimeanza kuwepo leo hii saa tano na dakika arobaini, chini ya uongozi wa busara wa Mnyooshaji Mkuu. Na kwa kuwa utepe tayari umefungwa, nina heshima ya kukizindua."

Akakata utepe. Brasibendi ikapiga. Tarsisi akachukua fomu mia tatu na kumi na mbili, akazigonga mhuri mmoja mkubwa wa KUMBATIENI.

Kisha Naibu Waziri akamkaribia Gaudensi, akatabasamu kwa ajili ya kamera, akaing'oa nishani. Ilitoka na kipande cha koti.

*

Magari yalipoondoka, watu walitoka, wakaimba kidogo, wakarudi ndani kunywa. Hakuna aliyembeba Gaudensi begani. Alisimama alipokuwa, na kitambaa cha koti kikining'inia kifuani. Baada ya muda Bosko akamfuata.

"Ingia ndani," alisema Bosko.

"Mlijua lini?"

"Nini?"

"Bosko, tafadhali."

Bosko akakuna kidevu. "Mwaka wa kwanza. Uliandikia mezani kwetu, bwana. Kulikuwa na upepo. Mimi ndiye niliyekushikia karatasi."

Gaudensi alijaribu kukumbuka, na akakumbuka: vidole vya seremala kwenye pembe ya fomu, vyenye vumbi la mbao. Tena alivishukuru wakati ule.

"Sasa kwa nini mlinichagua mwenyekiti?"

"Tuliona ukikaa mbele yetu kila siku utapata pa kuanzia kusema. Tulikupa siku thelathini."

"Na leo? Kama ningetamka yale maneno? Mlikuwa ndani."

"Tulikuwa tunakungoja," alisema Bosko. Akafikiri. "Ulichelewa kidogo. Mjane wa Otmari alishaanza sala ya mwisho."

*

Kilabu kikawa cha kijiji. Wiki iliyofuata walikutana kugawana kazi, kila mtu na anachoweza. Bosko akachukua mabenchi na paa. Akina mama wakagawana siku za kupika. Wengine wakachukua kuni, wengine kimea, na mjane wa Otmari akachukua kufagia, akisema alikuwa na deni la ufagio tangu msiba wa mumewe. Mama Edelburga angebaki mpishi mkuu, mwajiriwa katika nyumba ya mama yake.

Gaudensi alinyoosha mkono kwa mazoea. "Mimi naweza kuandika," alisema. "Barua, orodha. Chochote cha kuandika."

Watu wakatazamana. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa tu wanatafuta namna ya kusema, na namna haikupatikana. Masikio yake yakawaka.

"Maji," alisema Mama Edelburga. "Gaudensi achukue maji."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Gaudensi akaona hiyo ni kazi ndogo, karibu ya huruma, akataka kuonyesha kwamba anaweza zaidi.

"Maji si kazi, mama. Bomba si linapita hapa nyuma?"

Watu wakainamisha vichwa. Alifahamu, akachelewa kufahamu kwa nini, kwamba wanaona aibu kwa ajili yake.

"Linapita," alisema Bosko kwa upole. "Lile bomba la miaka minne iliyopita. Amri ilikuwa kila mahali pa kukutania pawekwe koki. Walikuja na ile taarifa. Wakasoma, eneo wazi. Wakapitisha bomba hatua thelathini nyuma ya ukuta, limenyooka mpaka ng'ambo, na wakaliwekea bango la kukataza kutoboa. Mama alikuwa anateka mtoni."

"Miaka minne?"

"Anateka mpaka leo."

Gaudensi akamtazama Mama Edelburga alivyosimama kando ya pipa. Alikuwa amemwona akiinama hivyo, kila mwaka zaidi, na akadhani ni uzee. Na kulikuwa na kitu kingine, kikamjia sasa kama mtu anayebisha hodi. Mwaka juzi, Siku ya Unyoofu, watu wote walipangwa uwanja wa shule, naye akapita na fimbo akikagua mistari. Alisimama mbele ya mama. Akamwambia, mbele ya watu, "Mama Edelburga, nyooka." Naye alijaribu. Aliweka mikono kiunoni na akajaribu, uso ukamkunjamana, na Gaudensi akasema, "Afadhali," akaendelea na mstari.

Hakusema samahani pale kikaoni. Neno lilikuwa fupi mno. Angeona haya kulitoa mbele za watu.

Kesho yake alfajiri alikuja na ndoo mbili na mti wa kuzibebea begani. Njia ya mtoni ilianzia nyuma ya kilabu, ikavuka juu ya bomba, ambalo lilinguruma chini ya miguu yake kwa maji yaendayo kwingine. Halafu ikateremka. Aliishi Lupondelo maisha yake yote na hakujua kwamba inateremka hivyo. Mahali penye utelezi palikuwa na mawe yaliyopangwa ngazi, na alielewa ni nani aliyeyapanga, moja moja, siku aliyoweza. Katikati ya kilima palikuwa na jiwe pana lililolainika juu, pa kutulia. Wakati wa kushuka alilipita. Wakati wa kupanda alilikalia, na maji yakamwagikia viatuni, na ilimbidi akae tena mara mbili mahali ambapo hapakuwa na jiwe.

Alipofika juu alikuwa ameinama kabisa. Mama Edelburga alikuwa akipuliza moto. Gaudensi akamimina ndoo ya kwanza katika pipa, kisha ya pili, akachungulia. Maji yalifunika tako la pipa tu.

"Zinatakiwa ngapi, mama?"

"Kumi na mbili," alisema bila kugeuka. "Leo tunapika ndogo."

Gaudensi alikuwa na jambo la kumwambia, na mama alikuwa amenyamaza kwa namna ya mtu anayempa mwenzake nafasi. Lakini moshi ulikuwa mwingi, na machozi yalishaanza, na hakutaka kusema kwamba ni moshi. Asingeanza tena na uongo, hata mdogo. Akachukua ndoo zake, akageuka, akashuka mtoni kabla mama hajamtazama usoni.